Ukuta Tulioulamba

Nyinyi vijana mnaochanganya lipu kwa mashine, nina swali moja ambalo sijawahi kuwauliza: nani kati yenu amewahi kula mchanga? Sisemi wa utotoni, ule kila mtu amekula. Nasema kula kwa ajili ya kazi, mtu mzima na ndevu zako, umesimama mbele ya rundo na fundi wako anakutazama mdomo. Kama hakuna, basi kaeni kitako mnisikilize, maana mimi nimekula mchanga wa kila kijito kuanzia Pangani mpaka kule Mkinga, na haya meno machache yaliyobaki ndiyo ushahidi wangu.

Mnajua naitwa Sefu, ila hapa kijijini ukiuliza Sefu utaoneshwa watu wanne. Uliza Sefu Simenti. Jina hilo nililipata ujanani na nikaringa nalo miaka na miaka, kama mtu mwenye kofia mpya ya Idi. Mwaka juzi nililivua mwenyewe mbele ya watu, nyuma ya msikiti wetu wa zamani, siku ya Ijumaa. Ndiyo habari ninayotaka kuwapa, lakini nitazunguka kidogo kabla ya kufika. Nivumilieni, mimi nimestaafu na sina basi la kuwahi.

Msikiti wenyewe mnaujua, na wengi wenu mmeushika kwa mikono. Kijiji chetu kiko kusini ya Tongoni, na wageni wakishatoka kuyatazama magofu ya kule, wengine huletwa na bodaboda mpaka huku. Mimi huwaambia msikiti wetu ni ndugu wa magofu yale, tofauti ni kwamba huu wetu watu hawakuuhama. Nani aliujenga? Hapo kila mzee ana lake. Wengine watakwambia Washirazi, wengine watakwambia ni babu zetu wenyewe wa Mtang'ata, jina la zamani la pwani hii, na marehemu bibi yangu alishikilia kwamba ulijengwa na majini kwa siku moja. Mimi nimefanya kazi kwenye kuta zile na alama za mwiko nimeziona. Majini hawapindishi kona namna ile. Ulijengwa na watu, na mmoja wao alikuwa mvivu, yule aliyepewa upande wa mashariki.

Ukiingia ndani unaona ni mrefu na mwembamba. Watu husema wazee walipenda hivyo. Si kupenda, ni boriti. Boriti ya mkoko ina urefu wake, na ukuta hauwezi kwenda mbali kuliko boriti inapofika. Walipotaka upana zaidi ikabidi wasimamishe nguzo katikati, ndiyo maana ukiswali safu ya kati unamsikia imamu na humwoni. Mihirabu imechongwa kwa tumbawe laini, lile lililokuwa likitolewa baharini likiwa bichi. Bichi unalikata kama muhogo wa kuchemsha, likishakauka linakuvunjia tindo. Kwa nje mihirabu hiyo imetokeza ukutani kama kitambi cha mtu aliyeshiba. Kishikeni hicho kitambi, tutakirudia.

Nje kuna kisima na birika la kutawadhia, na ndani ya birika wazee walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Nilipokuwa mdogo nilijaribu kuwavua. Nikachapwa na watu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa baba yangu.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Mbwana, Mola amrehemu. Mtu mfupi, mkavu, mwenye sauti ndogo, ambaye angeweza kufanya kazi kutwa nzima bila kusema zaidi ya "lete" na "toa". Msikiti ule ulikuwa mikononi mwake kama mgonjwa alivyo mikononi mwa mganga wake. Kila baada ya mvua za masika alizunguka kuta zote akizigonga kwa vifundo vya vidole, anasikiliza, anasogea. Palipolia vibaya alichora alama kwa mkaa, na sisi saidia fundi tulijua hapo ndipo tutakaposhinda.

Kuhusu mchanga hakuwa na mzaha kabisa. Punda wakishaleta, yeye anachota kidogo kwa ncha ya kidole, anaweka ulimini, anafumba macho, anatema. Akisikia chumvi, rundo lote linarudi lilikotoka, hata kama mwenye punda analia. Alitueleza sababu mara moja tu, akiwa na hakika kuwa tuna masikio: chumvi ikiingia kwenye lipu huvuta unyevu kutoka hewani, ukuta haukauki tena, na jiwe la ndani linaanza kulika taratibu mpaka linakuwa unga. Mchanga wa pwani hata uwe mzuri namna gani haufai mpaka uoshwe kwa maji matamu na uonjwe tena. Kisha na sisi tukaonjeshwa, mmoja mmoja, huu wa kijito, huu wa pwani, huu uliooshwa mara moja, huu mara tatu, mpaka tukaweza kutofautisha tukiwa tumefumba macho.

Sasa ikaja Ramadhani katikati ya kazi. Je, kuonja mchanga kunafunguza? Fundi Mbwana akalipeleka swali kwa imamu. Imamu akafikiri, akasema ukionja ukatema na hakuna kilichoshuka kooni, saumu yako ni salama. Fundi akashukuru, akarudi, akasema imamu ni mwanachuoni mkubwa lakini yeye koo lake halimwamini. Basi ikaangukia kwa Petro. Petro alikuwa saidia fundi mwenzangu, Mshambaa, baba yake alitelemka kutoka milimani kuja kukata mkonge, na nyumbani kwao ni Walutheri wa kuimba kwaya. Ramadhani ile nzima mchanga wa msikiti wetu ulionjwa na Petro. Alikuwa akilalamika kwamba sisi sote tunapata thawabu na yeye anapata changarawe. Lakini hakukosea hata rundo moja, na Fundi Mbwana alisema mbele yetu kwamba ulimi ule ungekuwa wake angekuwa tajiri.

Chokaa nayo ilinifunza adabu. Mawe yakishachomwa tanuuni yanakuwa meupe, mepesi, yametulia kama hayana neno. Ukiyamwagia maji yanachemka, yanapasuka, yanatoa moshi. Kazi yake ni kumwaga kidogo kidogo ukisimama kule upepo unakotokea. Mimi nikamwaga ndoo nzima, tena nimeinama nione vizuri. Nyusi zangu zikaondoka zote mbili, na ziliporudi hazikurudi pamoja. Ilikuja ya kulia kwanza.

Na ilikuwa katika siku hizo za nyusi moja ndipo tulipopiga upya sakafu ya juu ya msikiti. Nyinyi hamkuwahi kuiona kazi ile, na ninawaonea huruma. Dari ilikuwa ya boriti na mawe, juu yake chokaa nene, na chokaa hiyo lazima ipigwe kwa vibao vyembamba mpaka ishikane. Kijiji kizima kilikuja, wanawake ndio wengi, wamepanga mistari, wanapiga na kuimba, mstari huu unakwenda na ule unarudi, siku tatu, na wali unapikwa chini. Fundi Mbwana alikaa pembeni amefumba macho. Mwanzo sauti ni nzito, ya kitu kibichi. Siku ya tatu mlio ukawa mkavu, wa juu, akainua mkono na watu wakaacha. Katika wanawake wale alikuwamo msichana mmoja, Mwanaidi, ambaye aliitazama nyusi yangu moja akaitungia wimbo hapo hapo, na kina mama wote wakauitikia kutwa. Nikamwoa ili aache. Mpaka leo hajaacha.

Basi. Nimewachekesha vya kutosha, sasa niseme yangu.

Nilipokwisha kuiva nikaenda kufanya kazi upande wa Muheza, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge. Huko ndiko nilikokutana na simenti. Jamani, niwaambie nini! Chokaa unaichoma, unaizima, unaifunika miezi ndio uitumie. Simenti unafungua mfuko, unachanganya, jioni umemaliza, kesho ukuta mgumu kama chuma. Hakuna kusubiri, hakuna kuimba, hakuna nyusi za kuungua. Nikajiona nimevumbua mimi. Niliporudi nyumbani nilikuwa na pima maji yangu mwenyewe mfukoni, na suruali ya kitambaa, na maneno mengi.

Mwaka huo lipu ya msikiti ilikuwa imechakaa baada ya mvua mbaya, na Fundi Mbwana alitaka miezi ya kuandaa chokaa. Mimi nikawaambia wazee wa msikiti kwamba nitaumaliza kwa wiki mbili. Wakafurahi. Mifuko ikaja. Mchanga wa kijitoni ulikuwa mbali na mvua ilikuwa imekata njia, nami nina wiki zangu mbili, hivyo nikachota pale pale pwani, hatua chache kutoka msikitini. Mchanga mweupe, safi, wa kupendeza. Sikuuosha. Sikuuonja. Niliona mambo ya ulimi ni ya watu wa chokaa.

Watu walikuwa wamejaa kutazama. Fundi Mbwana akaja, akainama kwenye rundo, akachota kwa kidole, akafumba macho, akatema. Akanitazama na kusema kwa ile sauti yake ndogo kwamba mchanga huu una bahari ndani yake.

Nikamjibu kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie. "Hii ni simenti, mzee. Simenti haionjwi."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka zaidi. Na mmesikia nilivyomwita? Mzee. Miaka yote nilikuwa nikimwamkia "shikamoo, fundi". Tangu siku ile mpaka anaingia kaburini nilimwamkia "shikamoo, mzee", kama unavyomwamkia mtu yeyote uliyekutana naye njiani. Neno fundi nilikuwa nimelichukua mimi.

Hakukasirika, au hakuonesha. Aliniomba kitu kimoja tu. Akasema kuta zote nipake nitakavyo, lakini kile kitambi cha mihirabu kwa nje nimwachie, atakipaka mwenyewe kwa chokaa yake. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Utakuja kupahitaji."

Nikadhani ni uzee na wivu. Nikamwachia kwa huruma, kama anavyoachiwa mtoto kipande cha unga achezee. Mimi nikamaliza kwa wiki mbili kama nilivyoahidi, kuta zimenyooka, kona zimekuwa kali, hata ile ya mvivu wa mashariki niliinyoosha. Nikaitwa Sefu Simenti. Yeye alikaa nyuma ya mihirabu karibu miezi miwili, peke yake, anaosha mchanga kwa maji ya kisima, anaonja, anaosha tena. Watu walimpita wakimpa pole.

Nilipata kazi nyingi baada ya hapo, na sikutumia tena mchanga wa pwani, kwa sababu kwingine kote mchanga wa kijito ulikuwa karibu. Kwa hiyo kuta zangu nyingine zipo na ni nzima, msizitie zote kapuni. Ila kuta za msikiti zilianza kutoka ukungu mweupe. Kwanza chini, kisha kifuani, kisha zikawa zinatoa machozi hata wakati wa kaskazi. Lipu ikavimba, ikadondoka vipande, na ndani jiwe limekuwa unga. Watu wakasema bahari imepanda, imeingia kwenye msingi. Nami nikasema hivyo hivyo. Niliyasema maneno hayo mara nyingi mpaka nikayaamini, na yalikuwa maneno ya kustarehesha sana.

Tuje sasa kwenye mwaka juzi. Mwenyekiti wa kamati ya msikiti ni Rajabu, mtoto wa dada yangu, mfanyabiashara wa machungwa kule Muheza. Kijana mzuri, mwenye bidii, ana haraka ya kila kitu. Akapata mfadhili wa kutujengea msikiti mpya, akawa anatembea na picha yake kwenye simu, vigae vya kijani, mnara wenye taa. Sharti ni kiwanja, na kiwanja ni pale pale ulipo wa zamani. Mafundi wa mjini wakaja, wakagonga, wakatikisa vichwa. Kama bahari imeingia msingini hakuna la kufanya. Kamati ikakubaliana: kijiko kitakuja Jumatatu, msikiti ubomolewe.

Nilikwenda kuuaga. Ilikuwa Jumatano, baada ya alasiri, jua bado lipo. Nikazunguka kuta zote, nikazigonga kwa vifundo vya vidole kama nilivyofundishwa, na zote zililia kama debe lililopasuka. Nikafika nyuma ya mihirabu, miguu imechoka, nikaegemea kile kitambi kwa mkono. Mkono ukabaki mkavu. Nikaugonga ukuta. Ukajibu mlio mkavu, wa juu, ule ule wa sakafu siku ya tatu.

Nikasimama hapo kama mtu aliyeitwa jina lake. Nikatazama huku na huku kama kuna mtu, kisha nikasogeza uso na kuulamba ukuta. Haukuwa na chumvi. Nikapiga hatua tatu pembeni, kwenye ukuta wangu mimi, nikalamba. Nilitema mara nne na chumvi ikabaki.

Fikirini na nyinyi. Msingi ni mmoja. Ardhi ni moja. Kama bahari ingekuwa imepanda kutoka chini, ingechagua vipi kukiruka kitambi kile na kupanda pande zote mbili zake? Haikupanda. Chumvi ilikuwa kwenye lipu yangu, niliyoichota pwani bila kuonja. Mawe ya wazee yalikuwa hayana kosa lolote, na yangeweza kupona kama simenti yangu ingetolewa na kuta zikaachwa zipumue. Nikakaa chini kwenye majani.

Sasa hapo, wanangu, msinione shujaa. Nilikwenda nyumbani nikanyamaza. Alhamisi nzima nimenyamaza. Nilikuwa nahesabu moyoni: nikisema, msikiti unabaki, na mimi nakuwa mtu aliyeutia ugonjwa msikiti wa babu zake kwa mikono yake na akamcheka fundi wake mbele za watu. Nikinyamaza, unabomolewa, vigae vya kijani vinawekwa, na Sefu Simenti anazikwa na heshima zake. Mwanaidi aliona sili. Akanibana mpaka nikamweleza yote. Nilitegemea atacheka, maana ndiyo kazi yake. Hakucheka.

"Baba Zuhura," akaniambia, "miaka yote hii watu wanauswalia ukuta wako unaolia. Sasa unaona haya kuwaambia unalia kwa nini?"

Asubuhi ya Ijumaa nikampigia simu Petro. Yupo, ni mzee kama mimi, anaishi Muheza na wajukuu zake, bado anaimba kwaya ingawa wanamweka nyuma. Nikamwambia nauhitaji ulimi wake. Akauliza kama ni Ramadhani. Nikamwambia hapana, ni zaidi. Rajabu alikuwa anakuja na gari lake la machungwa, akampakia bila kujua kwamba amebeba shahidi.

Baada ya swala nikamwomba imamu dakika chache, nikawaomba watu wote tutoke tuzunguke nyuma ya mihirabu. Nikawaeleza kuhusu msingi mmoja na kuta mbili. Nikamwambia Petro aonje. Petro hana kamati wala msikiti, nikasema, na wakubwa wenu wanajua kuwa ulimi wake haukukosea hata rundo moja. Petro akavua kofia, akalamba kitambi, akafumba macho, akatulia. "Maji ya kisima," akasema. Akaenda kwenye ukuta wangu, akagusa kidogo tu kwa ncha ya ulimi, akakunja uso wote. "Pwani. Tena hujauosha, Sefu."

Rajabu akawa hataki. Akasema, mjomba, hatuwezi kuvunja mpango wa kamati kwa sababu ya ulimi wa mtu. Nikamwuliza: wewe ukinunua machungwa ya shamba zima pale Muheza, unayanunua kwa kuyatazama? Akasema huonja kwanza. Nikamwambia, basi onja. Akatazama kanzu yake nyeupe, akawatazama watu, akaikunja mikono ya kanzu kama anayekwenda kutawadha, akalamba kitambi. Akalamba na ukuta wangu. Nilimwona anavyojitahidi asiteme mbele ya imamu.

Baada ya hapo hakukuwa na wa kuwazuia. Walijipanga mstari, wazee kwa vijana, kila mmoja anataka kuonja kwa ulimi wake, huku wanabishana ni wapi pana chumvi zaidi. Wageni wawili waliokuwa wanatoka Tongoni na bodaboda yao walisimama kutazama wanaume wazima na kanzu zao wanalamba msikiti. Sijui kule kwao wamesimulia nini.

Lakini nilikuwa bado sijalisema lenyewe. Nikasubiri wanyamaze.

"Chumvi hii haikupanda kutoka chini," nikasema. "Niliileta mimi kwa karai, nikaipiga ukutani kwa mkono huu. Fundi Mbwana alinionya nikamcheka, na baadhi yenu mlikuwapo."

Nilisubiri kuzomewa. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma, rika langu, aliyeshika fimbo kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Na sisi tulicheka, Sefu."

Wengine wa rika letu wakainamisha vichwa. Rajabu akatoa simu yake, nikadhani anataka kutuonesha tena picha ya vigae. Kumbe alikuwa anampigia mwenye kijiko, kumwambia Jumatatu asije. Mfadhili naye alipoelezwa hakununa hata kidogo, alicheka sana kwenye simu, akasema kuna eneo kando ya barabara na msikiti mpya utajengwa huko kwa wasafiri. Vigae ni vya kijani kama ilivyoahidiwa. Nimeviona, ni vizuri, na mchanga wake niliuonja mwenyewe.

Kazi ya kuutibu ule wa zamani ndiyo iliyowaleta nyinyi, na wengi wenu nilianza kuwajua pale. Mlibandua simenti yangu yote kwa tindo, na ninajua mlikuwa mnacheka kila kipande kikidondoka, nilikuwa nawasikia. Tukaziosha kuta kwa maji ya kisima, tukaziacha zikauke msimu mzima. Matumbawe ya baharini siku hizi hayaguswi, na ni haki yasiguswe, kwa hiyo mawe ya kuchoma tulitafuta nchi kavu, kwenye machimbo ya zamani. Mlitaka tuongeze simenti kidogo tu ili ishike upesi. Mnakumbuka nilivyowajibu, na sitalirudia neno lile mbele ya kina mama. Lipu ilipokwisha kupakwa wanawake wakaja na vibao, wakaipiga, na Mwanaidi aliyefika amekaa kwenye kiti akauanzisha wimbo wa nyusi moja. Kumbe kina mama wote bado wanaukumbuka.

Siku ya mwisho mmoja wenu akaniuliza kama na kitambi cha nyuma tukipake upya, kimekuwa na rangi tofauti na kuta nyingine. Nilisema hapaguswi, nikaondoka bila kueleza, na mkaona mzee amekuwa mkali. Sasa nawaeleza. Nilikuwa nimekaa miaka yote nikifikiri kwamba Fundi Mbwana alikitaka kitambi kile kwa ajili ya jina lake. Yeye alikuwa ameshauonja mchanga wangu. Alijua kuta zitalia, alijua watu watatafuta wa kumlaumu, na alijua kwamba siku hiyo ikifika mimi nitakuwa mzee na nitakuwa peke yangu, sina pa kuegemea. Akanitengenezea pa kuegemea. Nimemcheka mbele ya kijiji, na yeye akakaa miezi miwili akiosha mchanga wake kwa ajili yangu.

Nyinyi mlipokwisha kukusanya vyombo na kuondoka, nilizunguka nyuma peke yangu. Nikaulamba tena ukuta ule, maana mtu wa kazi hujiridhisha. Hauna chumvi. Nikaweka kiganja pale, nikavua kofia, nikasema, "Shikamoo, fundi."